.45-70 ya kale inatawanya: soma masizi kabla hujagusa kipimo cha baruti

Mtu akipata bunduki ya kuwindia ya karne ya 19, tuseme Winchester ya 1885 au Remington Rolling Block ya .45-70 (kichwa cha kipenyo cha inchi .45 hivi, greni 70 za baruti nyeusi), halafu matundu yakatawanyika kwenye karatasi ya shabaha, mkono wake wa kwanza huenda kwenye mizani. Anaongeza greni mbili (greni ni kipimo kidogo cha uzito, 70 ni kama gramu 4.5), anapunguza tatu, anabadilisha kopo la baruti, na mwisho wa siku ana daftari lililojaa tarakimu na bunduki isiyojua inapiga wapi. Kwa baruti nyeusi huo ni mpango wa kinyumenyume. Kipimo ndicho kitu cha mwisho kubadilishwa. Kwanza angalia kilichobaki ndani ya mtutu, kisha uangalie kama kichwa cha risasi na mtutu vinalingana, halafu fataki, kile kidude kinachowasha baruti. Gramu zitafuata.

Sababu ni maumbile ya baruti yenyewe. Ni shura asilimia 75, mkaa 15 na kiberiti 10, na ikiungua zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa. Inabaki chumvi na masizi. Sehemu hutoka kama moshi, sehemu hubandika mtutuni. Kwa hiyo kila risasi unayopiga inapita kwenye mtutu tofauti kidogo na ule wa risasi iliyotangulia. Anayetumia bunduki za kisasa hajazoea kufikiri hivyo, na ndipo anapopotea.

Kabla ya dalili yoyote, mambo matatu hayana mjadala. Bunduki ikaguliwe na fundi bunduki anayezijua silaha za enzi hiyo: mtutu, chemba, kufuli la nyuma, pini. Baruti isiyo na moshi isikaribie hata meza unayofanyia kazi, kwa sababu kipimo kile kile kwa ujazo kinaweza kuipasua bunduki mikononi mwako. Na kusiwe na nafasi tupu kati ya baruti na kitako cha kichwa. Nitalirudia hili mbele. Kuhusu sheria, Marekani serikali kuu huihesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa ya kale, lakini majimbo yana sheria zao, usibahatishe. Tanzania na Kenya ni habari nyingine kabisa: gobore la babu lililotundikwa ukutani nalo linahitaji kibali, na kujaza risasi nyumbani si jambo la kujianzia mwenyewe.

Katika maelezo haya "kichwa" ni kile kipande kinachoruka, "ganda" ni shaba inayobaki, na "risasi" nikiitaja kwa uzito au mchanganyiko ni madini yenyewe.

Matundu matatu ya kwanza yamekaa pamoja, halafu yanafunguka

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote. Risasi tatu au nne zinagusana, ya tano inakwenda kushoto, ya saba inapanda, ya kumi haionekani. Kipimo chako hakina kosa. Mtutu umepata ukoko.

Ukoko ni masizi yaliyokauka na kushikana kama wali chini ya sufuria. Kichwa laini cha risasi kikiupita huchunwa ubavuni, na kichwa kilichochunwa hakiruki sawasawa. Usikisie, ulipo huo ukoko unakuambia sababu yake. Baada ya risasi ya tano, hakikisha chemba ni tupu, kisha sukuma kitambaa kikavu taratibu kutoka nyuma na usikilize mkono. Kikikwama sentimita chache kabla ya mdomo wa mtutu, grisi imekwisha njiani: kichwa kimetoka na mifereji yake ya kubebea grisi ikiwa mitupu. Kikikwama mara tu baada ya chemba, joto na hewa kavu ndivyo vilivyokausha masizi, na grisi pekee huenda isitoshe hata ukiongeza.

Angalia pia mdomo wa mtutu. Bunduki iliyotosheka huacha duara la grisi nyevu pale mdomoni, lenye miali kama nyota. Ukilipata, grisi imefika hadi mwisho. Ukikuta majivu makavu ya kijivu, haikufika.

Tiba ya haraka ni mrija wa kupulizia: ganda tupu lililotobolewa kitako na kuunganishwa na bomba la plastiki. Baada ya kufyatua, fungua, toa ganda, ingiza mrija kwenye chemba, puliza pumzi ndefu tatu hadi tano. Unyevu wa pumzi hulainisha masizi. Nyanda kavu za Montana au Wyoming wakati wa kiangazi pumzi tano ni chache. Penye unyevunyevu mbili zinatosha. Wengine hupendelea kupitisha kitambaa chenye unyevu kisha kikavu kila baada ya risasi. Njia zote mbili zinafaa, ila usizichanganye katika kundi moja la majaribio, maana hutajua ni ipi iliyokusaidia. Kwa mwindaji mimi napendelea mrija: porini hakuna nafasi ya kuanza kupitisha vitambaa.

Kama mrija umepunguza tatizo lakini haukulimaliza, nenda kwenye grisi. Mafuta ya petroli, yale ya magari na grisi za kisasa za bunduki, yakikutana na moto wa baruti nyeusi huzaa kitu kama lami. Inayofaa ni nta ya nyuki iliyochanganywa na shahamu au mafuta ya mimea, laini kiasi cha kushika mifereji bila kuyeyuka ndani ya gari lililoachwa juani. Na kichwa kiwe na mifereji ya kutosha. Vichwa vingi vya .45 vinavyouzwa leo vimebuniwa kwa baruti isiyo na moshi. Mifereji yake ni myembamba, hubeba grisi kidogo mno. Hapo unabadilisha kalibu ya kuyeyushia, wala huna haja ya kugusa baruti.

Mwisho kabisa ni mshindilio. Baruti iliyolegea ndani ya ganda huungua ovyo na kuacha uchafu mwingi. Nitaifikia.

Yanatawanyika tangu risasi ya kwanza

Mtutu ni safi, umepuliza, grisi nzuri, na bado matundu yametapakaa kama mtama uliomwagwa. Hapa shuku vipimo vya kichwa.

Kwa maandishi, .45-70 ina kipenyo cha inchi .458, yaani milimita 11.63, kikipimwa kwenye vina vya mifuo, ile michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu ili kukizungusha kichwa. Kwa maandishi. Viwanda vya karne ya 19 viliruhusu tofauti kubwa za vipimo, na Springfield za mlango wa juu, zile za jeshi la Marekani za mwaka 1873 na baada yake, mara nyingi hupima 11.7 au zaidi. Kichwa cha 11.63 kwenye mtutu wa 11.73 kinapita huku gesi ikipenya pembeni na kukiyeyusha ubavuni.

Pima mtutu wako mwenyewe. Pakaa mafuta ndani, chukua gololi ya risasi safi, laini, kubwa kidogo kuliko mtutu, igonge iingie kwa nyundo ya mbao na uisukume hadi itoke upande wa pili. Ipime kwa maikromita mahali palipo pana. Kichwa chako kizidi kipimo hicho kwa sehemu 2 hadi 5 za mia za milimita, mradi ganda likiwa na kichwa ndani liingie chembani bila kulazimishwa. Ukiwa na mtutu wenye mifuo mitatu, kama wa Springfield, upimaji kwa maikromita ya kawaida utakudanganya, kwa kuwa kila mfuo unatazamana na ukuta badala ya mfuo mwenzake. Mpe fundi mwenye kifaa chake.

Jambo la pili ni ugumu wa risasi. Shinikizo la baruti nyeusi ni dogo, lakini huja kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachokipanua kitako cha kichwa kijaze mifuo. Kichwa kigumu hakipanuki. Waliozoea kuyeyusha vyuma vya kusawazishia magurudumu hupata vichwa vigumu kwa sababu vina antimoni. Mchanganyiko wa sehemu 20 za risasi kwa 1 ya bati, au 30 kwa 1, umekuwa ukifanya kazi hii tangu zama za wawinda nyati wa Marekani. Kwa bunduki ya kuwindia mimi huanza na 20 kwa 1.

Michirizi ya risasi mtutuni itakuthibitishia. Ikiwa karibu na chemba, kichwa ni chembamba au ni kigumu na gesi imepenya. Ikiwa karibu na mdomo, rudi kwenye grisi.

Tundu limechanika kwa urefu

Ukikuta tundu lenye umbo la ubavu wa kichwa badala ya duara, kichwa kimefika kikiwa kimelala. Ama ni chembamba mno hakikushika mifuo, na hilo tumelimaliza, ama ni kirefu mno kwa msokoto wa mtutu wako, yaani umbali ambao mifuo huzunguka mara moja.

Kuna kanuni ya Greenhill ya mwaka 1879 ya kukadiria urefu wa juu wa kichwa, ambayo kwa vichwa vya risasi bado haijachakaa: zidisha 150 kwa mraba wa kipenyo, gawanya kwa urefu wa msokoto mmoja. Springfield ina msokoto mmoja kila inchi 22, yaani milimita 559. Ukifanya hesabu kwa 11.63 unapata kichwa cha urefu wa milimita 36 hivi. Kichwa cha greni 405 kimo ndani ya mpaka bila shaka, na cha 500 nacho kimo. Lakini zipo bunduki za kuwindia za enzi hiyo zilizochongwa kwa msokoto wa polepole zaidi kwa ajili ya vichwa vyepesi, na humo kichwa cha greni 500 kitapinduka hata uweke baruti ya aina gani. Pima msokoto kwa fimbo yenye kitambaa kilichobana: tia alama kwenye fimbo, ivute hadi alama izunguke mara moja, pima ilivyosogea.

Matundu yamepangana juu na chini

Mstari wima maana yake mwendo wa vichwa haufanani. Hapa sasa baruti inaingia kwenye mazungumzo, ingawa bado si kwa wingi wake.

Jina .45-70-405 linataja kipimo cha awali: greni 70 za baruti, ambazo ni gramu 4.5, nyuma ya kichwa cha greni 405, gramu 26. Maganda ya siku hizi yana kitako kinene kuliko ya mwaka 1873, hivyo greni 70 hazikai humo bila kubanwa sana. Wengi huishia kati ya 60 na 65. Anza na maelekezo ya mtengenezaji wa baruti yako, halafu uliza swali la maana: je, kila ganda limejazwa na kushindiliwa sawa?

Miminia baruti kupitia bomba jembamba la shaba au alumini lenye urefu wa sentimita 60 hivi, taratibu, punje zijipange zenyewe. Kiwango kitashuka waziwazi ndani ya ganda. Weka kizibo cha kadibodi ngumu juu yake. Kisha shindilia kwa kifaa chake chenye pini bapa hadi kina unachotaka. Usishindilie kwa kichwa cha risasi, kwa kuwa kitavimba na kuharibika umbo, na hapo unajitengenezea dalili nyingine mpya.

Kina gani? Inategemea kopo. Baruti ya Swiss hupenda kubanwa kidogo, milimita 1 au 2. Ya GOEX mara nyingi hutulia ikibanwa zaidi, milimita 3 hadi 6. Ndiyo maana napenda kubadilisha mshindilio kwa hatua ya milimita moja huku uzito ukibaki ule ule, kwa kubadilisha unene wa vizibo au kina cha kichwa. Andika, piga risasi tano kwa kila hatua, angalia mstari wima unapofupika. Mwenye kipima mwendo ataona mara moja: tofauti kati ya kasi ya juu na ya chini ikiwa mita 6 au 8 kwa sekunde, una kitu cha kwenda nacho mawindoni, ikiwa 25, hujafika. Kwa greni 405 kasi yenyewe itakuwa karibu na mita 400 kwa sekunde, na kuifukuza zaidi ya hapo hakuna faida ninayoiona.

Mshindilio ukishakuwa sawa na wima bado upo, jaribu fataki. Aina moja kwa wakati mmoja. Wapo wanaoweka kipande cha karatasi ya gazeti juu ya tundu la moto ndani ya ganda ili kutuliza mlipuko wa fataki. Si uchawi, na kwa baadhi ya bunduki husaidia. Pia usichanganye maganda ya viwanda tofauti, ujazo wake haulingani.

Mstari wa mlalo, kushoto na kulia, si habari ya baruti. Ni upepo, au kilengeo kimelegea, au namna unavyoegemeza bunduki. Usiuegemeze mtutu wenyewe kwenye mfuko wa mchanga, egemeza mbao.

Fataki imegongwa, kimya

Subiri. Mdomo wa bunduki uendelee kuelekea shabaha kwa dakika nzima kabla hujafungua, kwani moto unaweza kuwa unajikokota. Kisha soma alama kwenye fataki. Alama ndogo isiyo na kina: springi ya nyundo imechoka, au grisi ya zamani imeganda ndani ya mtambo, au pini imechakaa. Alama nzuri lakini haikuwaka: fataki haikukaa hadi chini, pigo la kwanza limeisukuma tu. Huwa inawaka ukiigonga mara ya pili, na hilo ndilo thibitisho. Ikiwa imewaka kwa kuchelewa, shuku unyevu au mafuta ndani ya ganda lililooshwa likajazwa kabla halijakauka.

Fataki iliyotoboka ni dalili mbaya zaidi. Bunduki nyingi za enzi hiyo zina pini nene na tundu lililopanuka, na gesi inayorudi nyuma huelekea jichoni. Miwani ya kukinga macho huvaliwa kila mara, na bunduki hiyo inarudi kwa fundi kabla ya risasi nyingine.

Ganda limepakwa masizi nje, au linagoma kuingia

Masizi meusi yakiteremka hadi nusu ya ganda, shingo ya shaba imekuwa ngumu, haipanuki kuziba chemba. Baruti nyeusi haina nguvu ya kuilazimisha. Shingo zilainishwe kwa moto, kitako kikiwa ndani ya maji kisipate joto. Ganda linalogoma kuingia baada ya risasi kadhaa mara nyingi ni masizi ya chembani tu. Kitambaa chenye unyevu kitamaliza. Likigoma tangu la kwanza, pima urefu, usizidi milimita 53.5.

Maganda yaliyotumika yatie kwenye maji ya sabuni pale pale uwanjani. Ukiyaacha hadi kesho yatakuwa na kijani.

Uvimbe wa duara kwenye mtutu

Ukipitisha kitambaa na mkono ukahisi mahali pamoja panalegea ghafla, au mwanga ukionyesha kivuli cha pete ndani, simama. Hiyo ni pete ya uvimbe, na chanzo chake cha kawaida ni nafasi tupu: mtu alipunguza baruti ili bunduki "isipige teke" akaacha pengo kati ya baruti na kichwa. Ukitaka kipimo kidogo, jaza pengo kwa vizibo hadi kitako cha kichwa. Mtutu uliokwisha vimba haurudishwi kwa tiba yoyote ya mezani.

Baruti mbadala kama Pyrodex na Triple Seven zina tabia zake. Pyrodex hupimwa kwa ujazo wala si kwa uzito, na Triple Seven ina nguvu zaidi na haitaki kubanwa hivi. Mambo ya mshindilio niliyoyasema juu usiyahamishie huko.

Risasi ya kwanza ya asubuhi inakwenda kwake

Uwanjani kila kitu ni kizuri, porini risasi ya kwanza inapiga pembeni. Ile bunduki uliyoirekebisha ilikuwa na masizi. Hii ya asubuhi ina mafuta. Futa mafuta yote kwa kitambaa kikavu kabla ya kutoka. Halafu siku za mazoezi piga risasi moja tu kutoka mtutu mkavu, msafi, andika ilipopiga, osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha, pakaa mafuta, rudia siku nyingine kwenye karatasi ile ile. Ukipata matundu kadhaa ya namna hiyo yakikaa pamoja, hilo ndilo kundi linalomhusu mnyama, na vilengeo virekebishwe kulifuata hilo. Chunga umbali pia: ukirekebisha kwa yadi 100, kichwa cha greni 405 kitakuwa kimeshuka zaidi ya nusu mita kufikia yadi 200.

Na moshi utakuziba macho. Novemba 1914 pale Tanga, askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, walibeba Mauser za mwaka 1871 za baruti nyeusi, na moshi ulimwonyesha adui mahali walipolala. Mwindaji hana adui, ila hataona mnyama amepigwa wapi. Jizoeze kusogea hatua mbili upande upepo unakotoka mara baada ya kufyatua, huku unajaza tena.